Keekee au drili? Mpaka wa kupanga na kudanganya katika makala ya mashua za Matondoni

mhariri_langoni

Assalaam aleikum. Swali hili ni kwa wanaopiga picha na kuhariri makala za hali halisi hapa pwani.

Mezani kuna makala ya dakika 26 juu ya ujenzi wa mashua Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Mtayarishaji ameleta mabadiliko anayoyataka, na manne kati yake yananikaa vibaya. Anataka fundi apigwe picha upya akitoboa mbao kwa keekee, ile drili ya zamani inayozungushwa kwa upinde na kamba, ilhali kila siku hutumia drili ya umeme na jenereta liko pale pale chini ya mwembe. Anataka adhana isikike juu ya picha ya jua likizama, na adhana tuliyo nayo safi ni ya alfajiri. Anataka mahojiano ya dakika 40 ya mzee mmoja mvuvi yakatwe yabaki dakika 2, aseme bila kupepesa kwamba bandari ya Lamu imeua uvuvi. Na mwanzoni kabisa, juu ya picha ya nguzo ya Malindi, msimulizi atamke kwamba Ibn Majid, yule mwanamaji Mwarabu, ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama hadi Bara Hindi.

Hoja yake ni kwamba makala yote hupangwa, hata kuchagua pa kusimamisha kamera ni kupanga. Hilo silipingi. Lakini pana mpaka mahali. Uko wapi, na mtu afanye nini hasa akifika hapo?

tezo_na_randa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Keekee kwanza, maana ubishi huu ni wa tangu fani yenyewe haijapata jina.

Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, kuhusu Wainuit wa kaskazini mwa Kanada. Watu wale walikwisha kuwa na bunduki. Yeye akawataka wawinde kwa chusa kama wazee wao. Nyumba ya theluji ilijengwa na upande mmoja ukaachwa wazi ili mwanga uingie. Na yule aliyeitwa Nanook jina lake lilikuwa Allakariallak. Watu huyataja mambo haya kwa pumzi moja kama kwamba yana uzito mmoja, na hayana. Ukuta ulioachwa wazi haumfundishi mtazamaji jambo la uongo kuhusu jinsi watu wale walivyolala. Chusa inamfundisha: anaondoka akiamini kwamba mwaka ule hawakuijua bunduki.

Keekee ndiyo chusa yako.

Fanya hivi. Kwa kila kipande cha picha, andika sentensi moja: mtazamaji asiyejua lolote atakiona hiki ataamini nini? Hapa ni "Mafundi wa Matondoni siku hizi hutoboa kwa keekee." Sentensi ni ya uongo, kwa hiyo picha haiingii kwa namna hiyo, hata kama fundi ameridhia na hata kama ni nzuri kupita zote. Ukiandika sentensi "Zamani walitoboa hivi", ni kweli, na picha ile ile inaingia, alimradi sentensi hiyo imfikie mtazamaji.

Itamfikiaje? Piga kwanza drili, kwa uaminifu, pamoja na jenereta na waya wake. Halafu mwombe fundi aonyeshe keekee na aseme mwenyewe huku anafanya: nani alimfundisha, aliiacha lini, kwa nini. Usimpe maneno. Maiki ya kifuani, kwa sababu upinde ukivutwa huku na huku sauti ya kamba huimeza sauti ya mtu aliyeinama. Sauti yake ikitangulia picha kwa sekunde 2 au 3, mtazamaji anaiona keekee akiwa ameshajua ni maonyesho. Ikibidi maandishi, yasomeke, yasikimbie: sekunde 4 au 5, "Fundi anaonyesha utoboaji wa zamani."

Ukilazimisha igizo, litakuumbua kwa vitu vidogo. Keekee huzunguka kwenda na kurudi, kwa hiyo hutoa unga laini. Drili ya umeme huzunguka upande mmoja na kupandisha maranda marefu yaliyojikunja. Ukipiga keekee saa nne asubuhi mahali palipotobolewa kwa drili tangu saa moja, chini ya mataruma, yaani mbavu za mashua, pamejaa maranda yaliyojikunja, na kila fundi kuanzia Kizingitini hadi Kipungani atayaona. Utafagia? Utafuta waya wa jenereta kwenye kompyuta? Ukishafika kufuta, umetoka kwenye kupanga, sasa unaficha ushahidi.

Jambo jingine. Fundi aliyeiacha keekee miaka mingi mkono wake umesahau. Biti itateleza, tundu litakwenda upande, na katika makala yako fundi hodari ataonekana mwanafunzi. Aibu hiyo itakuwa yake, si yako.

Na malipo: umemsimamisha kazi, mlipe nusu siku yake. Kiwango mkubaliane kabla kamera haijawashwa, kiandikwe kuwa ni fidia ya muda. Kiasi kisipande wala kushuka kwa sababu ya alichosema.

sauti_ya_shela

Kuhusu adhana sina haja ya kusema mengi. Adhana ya alfajiri ina "As-salaatu khayrun minan-nawm", mara mbili: sala ni bora kuliko usingizi. Ukiiweka juu ya jua linalozama, mtoto wa madrasa atainua kichwa. Na usifikirie kuikata sentensi hiyo ili ipite. Huo ni utovu wa adabu juu ya uongo.

Karekodi magharibi yenyewe. Hapa karibu na ikweta wakati wake hausogei sana mwaka mzima, ni kati ya saa 12 jioni na saa 12 na dakika 40. Panda darini nusu saa kabla, baada ya kuomba ruhusa ya mwenye nyumba na kuwaarifu watu wa msikiti. Kinga ya upepo ya manyoya ni lazima, sifongo peke yake haitoshi kusi ikivuma. Acha kiwango cha sauti chini, kwani kipaza sauti cha msikiti wa jirani kitakupasulia rekodi usipotarajia. Usitafute adhana moja safi isiyo na nyingine. Lamu adhana huanza msikiti mmoja, wa pili ukadakia, wa tatu ukaja kwa mbali, zikapishana juu ya mapaa. Ile moja safi ndiyo ya uongo. Ikiisha, endelea kurekodi dakika 1 au 2 za utulivu wa mtaa, utazihitaji kuziba mapengo.

Sauti za kazi zina masharti mengine. Nyundo ikikosa kusikika vizuri, si vibaya kurekodi nyundo ile ile kwenye mbao ile ile siku nyingine ukaipachika. Mtazamaji anaamini kwamba nyundo imegonga mbao, na kweli imegonga. Sauti ambazo hazipachikwi kamwe ni zile zinazoeleza tukio: kilio, kelele za umati, mlio wa risasi, vigelegele. Hizo kama hazikuwapo, hazikuwapo.

Kitu ambacho hukukiuliza, lakini kimo humo: maji. Mara nyingi mandhari ya "asubuhi moja" huunganishwa kwa picha za siku tatu. Wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mashua iliyolala kwenye tope katika picha ya kwanza ikaelea katika ya pili imeshakusema. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Ukirudi kesho kuendeleza mandhari yale yale, anza dakika 50 baadaye, ufuo utakuwa karibu ulivyouacha, ila kivuli kitakuwa kimesogea, kwa hiyo chagua picha za karibu. Wala usichanganye misimu. Jahazi linaloshuka kusini kwa tanga lililojaa upepo wa nyuma ni la kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi. Msimulizi akisema ni mwezi wa Julai, mabaharia wote watajua hukuwapo.

mswada_malindi

Nashukuru umeuliza habari ya Ibn Majid kabla ya kuirekodi, kwa sababu sentensi hiyo imesemwa katika makala nyingi mno, na huku Malindi watoto wanaikuta hata midomoni mwa waongoza watalii.

Yaliyo imara ni haya. Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, mfalme akampa rubani, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei wakawa mbele ya Calicut, pwani ya Bara Hindi. Huyo rubani alikuwa nani? Shajara ya safari ile humwita Mkristo. Wareno walioandika historia baadaye wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. João de Barros anamtaja kwa "Malemo Cana". Litamke hilo la kwanza kwa sauti: ni maalim, cheo cha mjuzi wa njia za bahari. La pili wataalamu hulihusisha na neno la Kihindi la mnajimu. Kwa hiyo hata lile linalodhaniwa kuwa jina linaonekana kuwa vyeo viwili.

Ibn Majid anatoka wapi basi? Anatoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo kadhaa baada ya tukio. Katika miaka ya 1920 Gabriel Ferrand akaipa habari hiyo nguvu Ulaya, na mwaka 1971 G. R. Tibbetts, aliyezitafsiri na kuzichambua kazi za Ibn Majid mwenyewe, akaonyesha kwamba haisimami. Ibn Majid alikuwa bahari ya elimu, mtu wa Julfar katika Ghuba, na alikuwa mzee wakati huo. Heshima yake haihitaji sifa ya kuazima.

Sasa tazama na picha utakayoiweka chini ya maneno hayo. Nguzo ya Malindi inayoonekana leo ni koni nyeupe yenye msalaba juu. Msalaba ndio unaohesabiwa kuwa wa Wareno, wa jiwe lililoletwa kwao. Koni inayoubeba ni kazi ya baadaye. Ukipiga koni nzima kutoka chini kwenda juu huku msimulizi anasema "nguzo aliyoisimamisha da Gama", maneno yana ukweli nusu na picha haina. Vuta karibu msalaba peke yake.

Vivyo hivyo picha za zamani. Ukiazima picha ya mtaa kutoka kwenye hifadhi, andika imepigwa wapi na mwaka gani kabla hujaiingiza kwenye taimlaini. Picha za Mji Mkongwe wa Unguja huwekwa kila mara kuwa za Lamu kwa sababu ndizo nyingi. Milango huziumbua: ile mikubwa yenye misumari ya shaba iliyochomoza, na tao juu, inasema Unguja kabla msimulizi hajafungua kinywa. Kama huna picha ya Lamu ya mwaka huo, piga jengo leo, useme ni leo.

manukuu_tu

Mahojiano ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote mengine, kwa sababu uongo wa humo hauonekani. Mkato hufunikwa kwa picha ya mikono inayosuka wavu, na mtazamaji anadhani mzee amesema kwa pumzi moja.

Tuseme mzee kasema: "Samaki wa karibu wamepungua tangu wachimbe mkondo wa meli. Lakini na nyavu za matundu madogo zatumaliza, tusidanganyane." Ukiacha sentensi ya kwanza peke yake, kila neno ni lake, na maana si yake.

Andika dakika zote 40 kwenye karatasi, neno kwa neno, na taimkodi, yaani dakika na sekunde ya rekodi, mwanzo wa kila jibu. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, usiikwepe. Kisha chukua kalamu nyekundu uzungushie maneno haya popote yalipo: lakini, kama, isipokuwa, labda, zamani, mwaka huu, nasikia, watu wasema. Sentensi utakayoibakisha lazima ije na neno lake jekundu. "Watu wasema meli zamwaga mafuta usiku" ukiifanya "meli zamwaga mafuta usiku", umemgeuza mzee kuwa shahidi wa jambo alilolisikia barazani. Akiitwa kulieleza, ataitwa yeye.

Kuunganisha majibu mawili yaliyojibu swali moja, sawa. Kutoa kitenzi dakika ya 7 na kukibandika kwenye jina la dakika ya 31 ili kutengeneza sentensi ambayo hakuisema, hapana, kwa hali yoyote. Neno likikosekana, msimulizi alijaze kwa sauti yake. Na asije mtu akakushauri ulitengeneze kwa akili bandia. Mwaka 2021 makala Roadrunner, kuhusu Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji aliyekuwa ameshafariki, yalitumia sauti yake iliyotengenezwa kwa kompyuta kusoma maneno aliyoyaandika kweli, bila kuwaambia watazamaji, na bado imani ya watu ilivunjika.

Mpangilio nao hudanganya. Julai 2007 BBC ilionyesha waandishi wa habari kionjo cha makala ya Malkia Elizabeth: mpiga picha anamwomba avue taji, kisha Malkia anaonekana akitembea kwa hasira, kama kwamba ameondoka. Kumbe picha ya kutembea ilikuwa ya alipokuwa anakwenda kupigwa picha, kabla ya ombi lile. Hakuna fremu iliyobuniwa, zilibadilishwa zamu tu. Mkuu wa BBC One, Peter Fincham, alijiuzulu Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo mzee akisikitika alipoulizwa habari ya mwanawe, sikitiko hilo usilihamishie kwenye swali la bandari.

Na kama utagusa bandari, kuwa mwangalifu na vitenzi vya msimulizi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. "Iliamua walipwe" na "wamelipwa" ni makala mawili tofauti. Hukumu ni ushahidi wa hukumu. Malipo yanatakiwa ushahidi wake: tarehe, kiasi, nani alipokea. Ni vile vile kwa mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu: Juni 2019 baraza linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mazingira ya mradi, basi sema leseni ilifutwa.

Nimalizie na maandishi ya chini ya picha. Mzee anayesema Kiamu, lahaja ya Amu (Lamu), atasema "nti" na mwandishi wa bara ataandika "mti", kumbe ni nchi. "Ndia" ni njia, "mato" ni macho, na "ndoo" ni njoo. Nimeshuhudia maandishi ya wageni yakiwa na ndoo ya maji isiyokuwapo. Apitishe mtu wa Amu, si Mswahili yeyote tu. Kwa wasomaji wa kawaida mistari isizidi 2, herufi kama 40 kila mstari, na usizidishe herufi 15 hivi kwa sekunde. Nafasi ikibana, toa "yaani" na marudio. Yale mekundu yabaki.

kasa_watamu

Natoka nje ya mashua kidogo, lakini mtayarishaji wa namna hii akimaliza Lamu huja huku kutaka vifaranga vya kasa. Vifaranga hutoka mchangani zaidi usiku, baada ya miezi kama 2 ya mayai kulaliwa na joto la mchanga. Kuwafukua mchana ili picha iwe na jua ni yale ya White Wilderness, makala ya Disney ya 1958, ambako panya wa theluji (lemming) walisukumwa kwenye jabali wakaonekana wanajiua wenyewe, na dunia ikaamini miaka mingi. Taa nyeupe nayo huwapoteza, wakakimbilia taa badala ya bahari. Ukitaka kuwapiga, kaa na wanaolinda viota, tumia taa nyekundu hafifu, na ukubali picha yenye chembechembe.

mhariri_langoni

Ahsanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Keekee itaingia kama maonyesho, na drili itatangulia. Adhana tunarudi kurekodi. Mzee anabaki na nyavu zake.

Mawili bado. Je, makala waonyeshwe watu wa Matondoni kabla hayajafungwa, au hilo linawapa mamlaka ya kukata wasichokipenda? Na sentensi ya mwanzo nimeiandika hivi: "Aprili 1498, mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani Mgujarati, na baada ya siku 26 wakaiona Calicut." Nafasi ya msimulizi ni sekunde 12.

tezo_na_randa

Waonyeshe, wakati picha imeshapangwa lakini rangi na sauti hazijamalizwa, maana ukisubiri mpaka mwisho kila marekebisho yatakuwa gharama na utajikuta unabishana na ukweli kwa sababu ya bei. Waeleze kabla hujawasha: mambo ya hakika mtayasahihisha, jina, mwaka, aina ya mbao, nani jamaa ya nani; lakini msimamo wa makala ni wa mwongozaji. Kaa na karatasi yenye taimkodi, andika kila wanalolisema, hata lile utakalolikataa, na sababu ya kulikataa. Mzee mvuvi muonyeshe kipande chake peke yake kwanza, faraghani. Mbele ya watu atasema "ni sawa tu" kwa ajili ya kukuheshimu.

Kazi ya namna hii ikikataliwa na mtayarishaji, muombe aandike kwa barua pepe kwamba amekataa na kwa nini. Mara nyingi akianza kuandika sababu huiacha njiani.

mswada_malindi

Sentensi yako ni nzuri na hesabu ya siku ni sawa, lakini "Mgujarati" umeisema kama kwamba waandishi wote wamekubaliana, na shajara haikusema hivyo. Iwe: "Aprili 1498, mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani, Wareno walimwita Malemo, yaani maalim. Siku 26 baadaye waliiona Calicut." Nimeipima kwa saa, sekunde 11. Na kwenye neno "maalim" msimulizi awe mtu wa pwani, asiivute ile "a" ya pili.